Cheti cha Miezi Kumi na Miwili

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza. Kocha wa maisha ameniagiza niwe na daftari hili mfukoni popote niendapo, na niandike palepale hofu inaponikuta, si baadaye, kwa kuwa baadaye mtu hujipamba. Nimemweleza kwamba kwa miaka ishirini na sita kazi yangu imekuwa kukagua lifti na kuwahutubia wakaguzi wenzangu. Kuzungumza na mtu mmoja, tena mtu huyo awe mimi, sikujifunza. Akasema: basi hutubia. Haya. Waheshimiwa vidole vyangu kumi, mabibi na mabwana wa utumbo uliopunguzwa sentimita thelathini — karibuni.

Chumba chake kiko juu ya duka la miwani. Viti viwili, feni moja, dirisha lisilofunga vizuri. Zamani alifundisha jiografia. Alinipa karatasi yenye duara lililogawanywa vipande vinane: afya, ndoa, kazi, marafiki na vinginevyo. Nipake rangi kila kipande kadiri ninavyoridhika nacho. Nikapaka. Akauliza ninaona nini. Nikamjibu kwamba gurudumu hili likifungwa kwenye mashine yoyote ile, mimi siipitishi. Akacheka hata akavua miwani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesema kweli.

Nyumbani, shemeji — mdogo wa mke wangu, aliyehamia kwetu tangu upasuaji — kasikia habari za kocha. Unacheza namba ngapi, shemeji? Golikipa, nikamwambia. Ndiyo maana umekaa tu!

Hofu ya leo ni hii. Dripu ya mwisho ya dawa ya saratani ilichomolewa katikati ya Januari. Wote walinipongeza. Lakini kwa miezi minane kulikuwa na kitu mwilini mwangu kinachopigana kwa niaba yangu, hata kama kilinitapisha. Sasa hakipo. Nani yuko zamu?

Alhamisi, 6 Machi

Mkuu wa kitengo kaniita ofisini. Alikuwa mwanafunzi wangu; mpaka leo husimama ninapoingia. Shikamoo, mwalimu. Marahaba. Kisha akapanga mafaili saba mezani, kwa upole, kama mtu anayemwandalia mgeni sahani.

Lifti saba tangu nirudi kazini. Zote nimezikataa.

Mwalimu, hapa umeandika "sauti isiyoeleweka". Sauti gani? Ya kukwaruza, nikasema. Fundi hakuisikia. Sikio la fundi si sikio la mkaguzi, nikamjibu, na nikajisikia nikiongea kama jukwaani. Hakubishana. Akasema tu kwamba mwezi ukiisha hivi atanihamishia dirisha la kupokea fomu. Upumzike kidogo, mwalimu.

Upumzike! Hata marehemu huambiwa hivyo.

Sikumwambia ukweli. Ukweli ni kwamba dawa zimeniachia ganzi kwenye ncha za vidole. Kamba ya chuma inayobeba lifti hukaguliwa kwa jicho, kwa kipimo na kwa mkono: unaizungushia kitambaa, unakipitisha taratibu, na uzi mmoja wa chuma ukiwa umekatika, kitambaa kinanasa. Mnaso wenyewe ni mdogo mno. Zamani niliusikia kama mtu asikiavyo akiitwa jina lake. Sasa ningeweza kushika kamba iliyooza nikaisifu.

Jumanne, 11 Machi

Kocha kakosea leo. Alisema kila jambo humjia mtu kwa sababu. Nikasimama. Nikamwambia, kwa sauti niliyoizoea mbele ya watu mia mbili, kwamba lifti ikianguka hatusemi imeanguka ili itufundishe. Tunashuka chini ya shimo na tochi tukatafute kilichokatika. Nikachukua kofia yangu.

Akasema: samahani. Hilo nililisoma mahali, sikulifikiri. Kaa, tafadhali.

Nikakaa. Na kwa kuwa alikubali kosa bila kulivalisha nguo, nikamwambia habari za vidole. Yeye wa kwanza. Akauliza kama mke wangu anajua. Hajui, nikasema — kisha nikajitazama. Fulana. Jana fulana. Wiki nzima nguo anazonitolea mke wangu hazina kifungo hata kimoja.

Kumbe anajua. Kanyamaza ili nisione aibu, nami nimenyamaza ili asiogope. Nyumba nzima tunatembea kwa ncha za miguu.

Kazi niliyopewa: nimwambie mtu mmoja wa kazini.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwambia Mzee wa Nati. Ni mkaguzi mwenzangu, tulianza kazi mwaka mmoja. Tunamwita hivyo kwa sababu hakosi nati mfukoni, huichezea kama tasbihi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha: ndugu yangu, vidole vyote kumi ulivitakia nini? Wewe unapiga kinanda? Akanyoosha mikono yake, minene, yenye mafuta. Tumia hivi. Wewe toa kichwa.

Nilikaribia kulia. Tukaenda pamoja kwenye lifti ya nane.

Jengo la ghorofa tisa. Ghorofa ya sita kuna kliniki ya mazoezi ya viungo. Msimamizi wa jengo, mama mwenye funguo nyingi kiunoni, alitupokea kwa maneno: wagonjwa wangu wanapanda ngazi kwenda kutibiwa magoti, wakifika juu, wanatibiwa ngazi. Lifti imefungwa tangu cheti cha zamani kilipoisha.

Tukapanda chumba cha mashine. Nati alipitisha kitambaa kwenye kamba zote nne, mara mbili. Hakuna mnaso. Nikapima unene: ndani ya kiwango. Tukapakia vyuma vya uzito, tukajaribu breki. Ikashika papo hapo. Tukajaribu tena. Ikashika tena. Nati akasema: safi kama sahani ya mkwe.

Nikachukua fomu. Mkono ukaandika wenyewe: haijapita, ukaguzi urudiwe baada ya siku kumi na nne.

Mama wa funguo alitazama karatasi, akanitazama. Afadhali angenitukana. Tulishuka kwa miguu, ghorofa tisa, tukawapisha watu watatu wenye magongo. Chini kabisa Nati akasimama akapangusa jasho. Hiyo sasa si vidole, akasema.

Si vidole. Basi ni nini?

Jumatano, 19 Machi

Picha ya mwili. Vuta pumzi. Shikilia. Toa. Mashine ilikuwa na mlio kwenye beringi, upande wa kushoto. Sikumwambia mtu. Majibu Jumanne.

Alhamisi, 20 Machi

Kwa kocha. Nilimsimulia lifti ya nane na zile saba, nikitarajia anitie moyo. Hakunitia. Aliuliza swali la mwalimu wa jiografia: mbona zote nane umezipa siku kumi na nne?

Nikasema ni utaratibu.

Na si kweli. Utaratibu unaruhusu siku saba hadi tisini. Mkaguzi huchagua kulingana na kasoro. Mimi nilichagua kumi na nne kwa kamba, kumi na nne kwa breki, kumi na nne kwa sauti ambayo haikuwapo. Nililijua hilo kwa mara ya kwanza mdomo wangu ulipokuwa bado wazi.

Akanisogezea karatasi tupu. Andika jambo moja utakalofanya mwakani, mwezi kama huu.

Nilikaa na karatasi ile dakika ishirini. Chini dukani mteja alikuwa anasomeshwa herufi ukutani, zikizidi kuwa ndogo. Kalamu haikugusa karatasi. Jasho lilinitoka mgongoni kama nimebebeshwa saruji. Kocha hakunisaidia, na nadhani ilimgharimu.

Ndipo nikaiona fomu ya kupitisha, jinsi ilivyo, mstari kwa mstari. Mstari wa mwisho: tarehe ya ukaguzi ujao, na jina la mkaguzi atakayekuja. Miezi kumi na miwili mbele. Kwa desturi ya ofisi yetu, anayepitisha lifti ndiye anayeirudia, tunajivunia hilo. Nimeandika jina langu kwenye mstari ule maelfu ya mara, bila kufikiri, kama mtu anavyofunga kamba ya kiatu.

Sikuogopa lifti ianguke. Naogopa kumwekea mtu miadi nisiyoweza kuitunza. Siku kumi na nne naziona. Zikizidi hapo ni giza, na sitaki kutia sahihi yangu gizani.

Nilimwambia kocha hayo yote kwa sentensi nzima nzima. Akasema hajui la kufanya nalo. Kwa mara ya kwanza nilitoka mle nikimwamini.

Jumanne, 25 Machi

Majibu. Daktari, kijana mwenye mafua, aligeuza kioo cha kompyuta nione. Picha ni safi, baba. Kwa sasa. Tuonane baada ya miezi mitatu.

Mke wangu alishika ukingo wa meza. Kwenye veranda akaniegemea, akasema jambo ambalo hajawahi kulisema: kila usiku nakuhesabia pumzi, nikifika mia ndiyo nalala. Nikamwambia kwamba najua kuhusu fulana. Tukacheka vibaya, cheko la watu waliokamatwa. Shemeji kwenye simu alipiga vigelegele, kisha: basi narudi kwangu, nimechoka kula bila chumvi kwa ajili ya utumbo wa mtu mwingine!

Furaha ilikuwapo. Naiandika ili isije ikakanushwa. Lakini ilidumu mpaka kituo cha basi.

Kwa sasa. Katika hotuba zangu zote niliwakataza wakaguzi maneno hayo. Mkaguzi hasemi "kwa sasa", nilikuwa nikisema. Mwenye kusema hivyo hajakagua. Watu walipiga makofi. Leo namwona yule kijana mwenye mafua: alikagua kila kitu, kwa chombo bora kuliko vyangu vyote, na hakuwa na neno jingine la haki la kunipa.

Naogopa kuliko wiki iliyopita. Nilipokuwa sijui, nilikuwa na cha kusubiri.

Ijumaa, 28 Machi

Siku ya kumi na nne. Nimekuja na Nati. Tumerudia kila kitu tangu mwanzo: kitambaa, kipimo, vyuma vya uzito, breki. Nilisikiliza nimefumba macho, lifti ikipanda na kushuka mara sita. Hakuna sauti. Niliitafuta, waheshimiwa, niliitafuta kama mtu anayetafuta kisingizio mfukoni. Haipo. Lifti hii ni nzima.

Mkuu wa kitengo alipiga simu asubuhi. Hakuuliza kitu, alinisalimia tu. Tarehe anaijua.

Naandika hapa chini, ukumbini, nimeegemea ukuta. Cheti kiko juu ya kisanduku cha barua. Nimejaza namba ya mashine, uzito, idadi ya watu. Kalamu imegoma kwenye mstari wa mwisho. Kwenye daftari inakubali. Nati amekwenda kunawa, au amenipisha.

Yule daktari kanipa miezi mitatu. Mimi natakiwa niipe kamba ya chuma kumi na miwili.

Mlango wa lifti uko wazi. Mama mmoja mwenye magongo mawili ameingia, ametia gongo moja mlangoni usifunge. Nimemwambia: dada, toka tafadhali, bado haijasainiwa. Kasema hatoki. Kasema ametembea kutoka kituoni, na ngazi zile hazipandi tena, akamatwe humohumo ndani. Mama wa funguo kamwambia amwache mzee amalize kazi. Kwani anaandika kitabu? — huyo ni yeye, mwenye magongo.

Nimeandika jina langu. Lote, na la baba yangu.

Siku: ishirini na nane. Inasomeka.

Mwezi: Machi.

Kaka, anasema, huu mlango unanisukuma, unapanda au hupandi? Nimemwambia subiri. Umebaki mwaka.