Bi Tatu, Utani Umetushinda

Bi Tatu,

Nimekasirika, na wa kumwambia ni wewe tu, kwa sababu wengine wote ndio walionikasirisha. Tangu tukuzike, timu yako ya netiboli ya hapa Mohoro ninayo mimi, Mwanahamisi, msaidizi uliyekuwa ukimfokea kila siku kwa kuchelewa. Umeniachia filimbi na wasichana kumi na wawili. Subira yako umeondoka nayo. Hilo nalo limeniudhi, nisikufiche.

Wazazi siku hizi wanakuja uwanjani, jambo uliloliomba miaka yote. Laiti ungeyaona hayo uliyoyaomba! Wanasimama mstarini wakipiga kelele, kila mmoja anataka wa kwake apewe mpira. Kinara wao ni Mama Rehema. Kila mechi anairekodi kwa simu, kisha anaituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, ambalo nililianzisha mimi mwenyewe ili tupeane taarifa za safari. Taarifa za safari nimeziona mbili. Za kusutana hazina idadi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukigawa watani? Msichana akiingia timuni, siku hiyohiyo unampa mtani wake. "Akikosea, mtani wake peke yake ndiye wa kumcheka. Wengine fungeni midomo." Na huyo mtani naye alikuwa na masharti: amcheke mwenzake machoni pake, siku ileile, kisha ambebee begi mpaka kwao. Mimi, enzi nikiwa mchezaji wako, ulinipa Asha. Siku niliyourusha mpira ukatua kwenye sufuria la uji la yule mama wa pembeni ya uwanja, Asha alinicheka njia nzima, mpaka na mimi nikaanza kujicheka. Tulipofika nyumbani kosa lilikuwa limekwisha. Nilidhani ni mchezo wako wa kutuchangamsha tu. Sikujua kwamba timu yenyewe ilikuwa hapo.

Sasa sikiliza. Wiki tatu zilizopita tulikwenda kucheza Ikwiriri. Siwatu unamkumbuka, mfungaji wetu, yule mrefu mpole, haongei mpaka aulizwe. Tuko sare, sekunde za mwisho, mpira anao mikononi, goli liko juu ya kichwa chake na hakuna wa kumsumbua. Akaurusha, ukapita pembeni. Wapinzani wakaudaka, wakapasiana upesi, wakafunga upande wa pili, mechi ikaisha. Tukapanda gari kurudi. Mimi nilikaa mbele na dereva, nimenuna. Mtani uliyempa Siwatu alihamia Dar es Salaam na wazazi wake siku chache kabla hujatuacha, nami sikumpa mwingine. Tangu ufe sijampa msichana yeyote mtani. Niliona ni mambo yako ya kizamani.

Jioni ile Mama Rehema akatuma video ya lile kosa, sauti yake ikisikika: "Mikono ya mlenda hiyo, jamani!" Watu wakacheka. Na mimi, Bi Tatu, mimi kocha, nikaweka vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Vitatu. Nilijiambia ni utani. Utani gani, na mwenyewe hayupo? Mama yake Siwatu hana simu ya aina hiyo. Wakamwonyesha bombani, mbele ya watu na ndoo zao, na vikatuni vyangu wakamwonyesha.

Siwatu hakuja tena mazoezini. Kwanza nikasema anaumwa. Halafu nikasema ana kiburi. Nikawafokea wasichana, eti wamemwacha mwenzao. Nikagombana na Mama Rehema mpaka akaniambia, "Hata wewe ulicheka, kocha." Yaani nilikuwa nimegombana na kila mtu, nimejisahau mimi.

Jana nikamfuata. Mpunga umeanza kuiva, kwa hiyo yuko shambani kwao anaamia ndege, juu ya dungu, kile kilingo chao cha miti, na debe lake bovu la kuwafukuzia. Nikasimama chini na shingo juu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakatoka mawili: nisamehe, nimekukosea. "Kocha, wewe siyo mtani wangu," akasema. Basi. Hakulia, wala hakupaza sauti. Afadhali angenitukana, ningejua pa kushika.

Nikamwambia basi yeye awe mtani wangu, kwa kuwa kosa langu analijua kuliko mtu yeyote. Anicheke anavyotaka. Akapiga debe, ndege wakaruka, akasema, "Umekanyaga mpunga wetu." Na kweli nilikuwa nimeukanyaga. Nikaondoka na matope mpaka magotini, hasira zimenijaa, na njiani nikalia. Nililia kwa ajili ya Siwatu, nikalia na kwa ajili yako, kwa sababu kama ungekuwapo ungejua la kumwambia, na hukuwahi kuniambia mimi.

Jumamosi nitawaita wazazi uwanjani. Nitalisema kosa langu kwa mdomo wangu, Mama Rehema akitaka arekodi. Video za watoto kwenye kundi zimekwisha. Kila msichana nitampa mtani, na mzazi anayetaka kumcheka mtoto wa mwenzake aje kwanza abebe begi. Watanuna. Wanune. Tukifungwa mechi zote mwaka huu, tufungwe tukiwa kumi na wawili.

Haya, Bi Tatu, nakuacha upumzike, umeshasikia kelele zangu za kutosha. Mola akuweke mahali pazuri, pasipo na wazazi wa kusimama mstarini. Ahadi yangu kwako ni moja. Kesho narudi kwa Siwatu, safari hii nitapita juu ya tuta. Na keshokutwa nitakwenda, na siku itakayofuata, mpaka anicheke.

Mwanahamisi wako