Kiraka Chini ya Bawa

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Huku Bigwa hatujambo. Bibi yako yuko kwenye mchicha wake. Unauliza utajuaje kama mfano wako wa ndege ya zamani umekamilika.

Nilipokuwa kijana, kaka yangu Kobelo alitengeneza mfano kwa mianzi na makopo. Ilikuwa ndege ya mabawa ya kitambaa aliyoihudumia baba yetu, fundi, kabla hajapofuka. Kobelo alihofu baba asingeitambua. Baba akaipapasa polepole. Vidole vikasimama chini ya bawa la kushoto.

“Kobelo, kiraka nilichoshona hapa umekila?”

Kobelo akabandika kitambaa kidogo kama punje ya mchele. Baba akakigusa, kisha akanyoosha mkono kutuzuia.

“Rudini nyuma, wanangu. Rubani anawasha.”

Tukarudi nyuma sote, hata mama.

Babu yako