Zamu ya Fidla

Kwa Nadir wangu, huko Maskati,

Umeniuliza onyesho gani la kikundi chenu cha taarabu lilikuwa bora. Wenzako wanasifu la Kendwa. Wapi! Kinanda kilikumeza kabisa. Bora ni la harusi ya Bwejuu, umeme ulipokatika ukapiga fidla peke yako, hata wapishi wakaacha masufuria.

Juzi wenzako walipiga hapa Ng'ambo. Ilipofika zamu ya fidla niliinuka kukutunza kama nilivyozoea, noti mkononi, macho nimeyafumba. Kuyafumbua, kitini kwako amekaa Ubwa, mpigaji wao mpya, ananitabasamia. Ukumbi mzima unatazama. Nikageuka nikarudi na noti yangu.

Bado ninayo. Usiniambie niitume, Nadir. Tuzo mtu hupewa akiwa kitini kwake.

Mimi, shabiki wako,
Nassra