Pisha Njia, Baba Mkwe

Cheyo, Tabora,
12 Septemba, 1954.

Mpendwa Mama Mdogo Apolinaria,

Na lile swali lako la mwisho, kama baba mkwe amenipokea, uliloliandika pembeni mwa karatasi kwa kalamu ya risasi kana kwamba unaliogopa, sasa nina jibu lake, ila ni refu kuliko ndiyo au hapana. Kwanza pokea shikamoo yangu. Homa iliyokuzuia kuja harusini imekuachia kabisa? Unakula? Baba mdogo Kasimiri anaendeleaje na kazi ya chumvi huko Uvinza? Sisi ni wazima, namshukuru Mungu, na mimi nina furaha mpaka naona aibu. Wiki ya saba ya ndoa hii, na bado nikisikia kengele ya baiskeli ya Kornel akitoka kazini stesheni, naacha mboga ziungue.

Nadhani nilikueleza kwamba badala ya cherehani alininunulia baiskeli, ya kike, nyeusi, yenye keria nyuma. Jirani yetu mmoja aliniuliza, "Bibi harusi, hiyo nayo utashonea nguo?" Nilicheka tu. Kornel alinifundisha jioni tatu kwenye njia ya Gongoni, akikimbia kando yangu ameshika kiti, na siku ya nne niligundua kwamba alikuwa ameshaachia zamani. Mama mdogo, mwanamume wa namna hiyo ungemfanyaje usimpende?

Lakini unajua kwamba baba yake hakuja harusini. Mzee Yoramu Ngollo ni mzee wa kanisa la Moravian kule Lusu, Nzega, na ndoa yetu ilifungwa kwa mapadri. Alituma neno moja tu: "Mleteni nimwone." Kornel hakunificha kitu. Aliniambia kuwa baba akinikataa, ndoa yetu haitavunjika, ila yeye hatakuwa na kwao tena, maana hataingia mlango ambao mkewe amezuiwa. Alilisema hilo akifunga mizigo, bila kunitazama.

Tuliondoka Jumatatu alfajiri kwa baiskeli. Siku ya kwanza ilikuwa tamu. Barabara ya changarawe imejikunja kama bati, mifupa yote inalia, lakini nchi inapanda na kushuka polepole, miyombo imeanza kutoa majani mekundu, na kila kijiji watu walisimama kututazama. Wanawake waliokuwa wakitwanga waliacha michi juu. Mmoja alipaza sauti, "Bwana, mbona mkeo anakuacha nyuma?" Kornel akajibu, "Ndivyo nilivyomuoa, mama." Tulilala Ndala kwa ndugu yake, miguu inawaka moto.

Siku ya pili sikuitazama nchi tena. Nilikuwa nikirudia moyoni namna nitakavyopiga magoti, nitakavyoinamisha macho, maneno nitakayosema. Nadhani ndiyo sababu sikusikia chuma cha breki kilipolegea.

Kabla ya Lusu pana mteremko mrefu. Kornel alikuwa nyuma akikaza kamba ya mzigo, nami nikatangulia. Katikati ya kilima nikabana breki, nikaona mkono umeshuka mpaka mwisho na baiskeli haina habari. Changarawe ziliruka. Mbele yangu wazee watatu walikuwa wakipanda kwa miguu, katikati ya njia, wamevaa makoti ya kanisani. Desturi unaijua: mtu akikutana na mzee anashuka kwenye baiskeli, anaishika pembeni, anasalimu. Mimi nilipiga kelele, "Pisha! Pisha njia, mzee!" Wawili wakakimbilia kulia. Wa tatu, mrefu kuliko wenzake, akarukia miiba ya kushoto, na mwavuli wake ukapita chini ya gurudumu langu.

Nilisimama chini kabisa, kwenye mchanga. Nilipogeuka nilimwona Kornel juu kilimani ameshuka, ameinama, anamtoa miiba yule mrefu. Hapo nikajua kabla hajanifikia. Aliponifikia alisema tu, "Flavia, ndiye baba."

Wazee waligeuza, wakatutangulia kwa njia ya mkato, nasi tukakokota baiskeli kuelekea nyumbani. Karibu na ua akanishika mkono. "Sikiliza. Nitasema ulisalimu. Ulisema shikamoo, upepo ukachukua."

"Nilisema pisha."

"Najua ulichosema. Nataka uingie nyumba ya baba yangu."

Nilipiga magoti uani, mbele ya watu, nikasema shikamoo baba. Mzee alitazama baiskeli. Alitazama magoti yangu yaliyojaa vumbi. Kisha akaingia ndani, na marahaba haikutoka. Getruda, mke wa kaka yake Kornel, mcheshi ajabu, alininong'oneza jikoni, "Nimeolewa miaka minane sijawahi kumwona baba akiruka. Umemrudisha ujana." Nikacheka na machozi yananitoka kwenye unga wa ugali. Mzee alikula ugali ule. Marahaba bado.

Asubuhi aliniita. Alikuwa amekaa mlangoni pamoja na wale wazee wawili, mwavuli uliovunjika umelazwa magotini pake. Kornel alisimama nyuma yao akinitazama, nami nilijua macho yale yananiomba nini.

"Pale kilimani ulisema nini?" mzee akauliza.

Kumtii mume wangu kulihitaji neno moja tu, na lenyewe ni neno jema, la heshima. Nikasema, "Nilisema pisha, baba. Pisha njia, mzee. Sikusalimu."

Mzee mmoja akaguna. Kornel akafumba macho.

"Mimi nimebeba mizigo toka hapa mpaka Bagamoyo," baba mkwe akasema, "kabla reli haijafika. Mwenye mzigo akiwa mteremkoni haulizwi salamu. Anapiga kelele, asiye na mzigo anapisha. Aliyenyamaza aliua watu. Tulimwona mmoja, tukamzika." Akamgeukia mwenzake. "Nilingoja nione kama ataniambia alinisalimu. Mimi si kiziwi."

Kisha akasema, "Marahaba, binti yangu."

Nililia mbele yao wote, na Kornel naye akaenda kukagua breki ambayo ilikuwa imeshatengenezwa. Mchana mzee mwenyewe aliikagua, akaigonga, akasema chuma cha siku hizi ni cha karatasi.

Ila hakumaliza hapo. Tulipokuwa tunaaga alinishika bega akasema, "Wewe nimekuona. Waliokulea sijawaona. Mtu hatoki njiani. Mwezi huu usiishe kabla sijawasalimu, la sivyo nitajua mwanangu ameokota mke barabarani." Kornel anasema baba yake hajawahi kurudia neno mara mbili, wala kuongeza siku. Getruda anasema akikasirika tena, hakuna kilima kitakachomfanya apishe.

Mimi sina mama mwingine wa kumwonyesha, mama mdogo. Aliyenilea ni wewe. Siwezi kumwambia mzee kwamba umeugua, maana atasikia udhuru tu, na siwezi kumpeleka mtu mwingine nikamwita mama. Usiku nahesabu siku. Nakuomba, kula, pumzika, usibebe maji. Mwache Imakulata abebe.

Nisalimie baba mdogo Kasimiri, umwambie Kornel anataka kumsikiliza habari za chumvi. Nisalimie Imakulata na Eustadia, na bibi wa nyumba ya pili aliyenifundisha kufuma. Mungu akufunike kwa mkono wake na akutie nguvu miguuni.

Ijumaa tarehe 24 tutapanda treni ya Kigoma, mimi na Kornel. Ukiweza kutembea, tutakushika mikono. Usipoweza, tutakuja na machela. Lakini baba lazima akusalimu Lusu kabla mwezi huu haujaisha, kwa hiyo nitakuwa mlangoni kwako, na sitarudi Tabora bila wewe.

Mwanao akupendaye daima,
Flavia