Iteremshe Kalenda Ile, Mama

Tabata, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo. Assalaam alaykum wewe na wote mlioko hapo Mchinga. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa kondakta wa basi ilikufikia, au ameipaka yeye? Huku sisi wazima. Salum anakua mpaka sare za shule zinamkimbia, na baba yake bado yuko safarini na lori, atarudi wiki ijayo inshallah.

Zuhura mdogo wangu, wewe unayesoma barua hii, naomba umsomee Mama chumbani, tena mlango ukiwa umefungwa. Nimeandika kwa sababu nikipiga simu Mama anaweka spika, baraza zima linasikiliza, na kabla sijamaliza kusalimia kuna mtu ananiuliza lini nitamwingiza kwenye mradi. Mama, nakupenda, lakini hilo limenichosha.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema wewe na kina mama wote wa kikundi chenu mnataka kuja kuangalia mafanikio yangu, mmeshakata shauri, mmebakiza kuchagua siku tu. Kabla hamjachagua, nisikilize.

Mradi ule ulinisaidia, siwezi kukana. Walitufundisha mama lishe wa mtaani kwetu namna ya kupanga biashara, wakanikopesha jiko la gesi na masufuria makubwa, na kwa jiko lile ndiyo nikapata kazi ya kuwapikia mafundi wanaochomelea mageti hapa nyuma yetu. Kila siku saa sita na nusu wanataka chakula kiwe kimefika. Hao ndio wateja wangu wa uhakika, Mama. Wapita njia leo wapo, kesho hawapo, lakini mafundi wanakula kila siku, na ndio wanaomsomesha mjukuu wako. Kilichofuata ndicho kinachonitia wazimu. Nilipoanza kufanikiwa kidogo, mradi ukanifanya mama wa mfano.

Mama wa mfano maana yake ni hivi. Kila anayetaka kujua kama wanawake wanatoka kwenye umaskini analetwa kwangu kuangalia. Anayemleta ni Neema, binti wa ofisi ya mradi, mwenye adabu zake, ila sidhani kama amewahi kupikia watu zaidi ya wale wa nyumbani kwao. Wanatoka mjini asubuhi, wanakwama kwenye foleni, wanafika kwangu saa tano imeshapita, yaani pale pale ambapo nazi inatakiwa iwe imekunwa na mchele umeoshwa. Hapo mimi niache mwiko, nijifunge kitenge kipya, nianze kusimulia.

Mara ya kwanza walikuja na turubai, viti vyeupe vya plastiki na bango. Turubai likafungwa mbele ya kibanda, bango likaziba meza ya chakula. Mtu wa Dar akiona turubai na viti vyeupe mtaani anajua kuna msiba. Wateja wangu wakapita kwa mbali, wamepunguza sauti. Mama mmoja wa mtaa wa pili akaja kunishika mkono. "Pole sana Mama Salum, ni nani?" Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni mafanikio. Akanitazama, akaondoka bila kuamini.

Na wewe ndiye uliyenilea kwamba mgeni haondoki bila kula, na hela ya mgeni haipokelewi. Nikafanya ulivyonifundisha. Wakala wali wa nazi na samaki, wakasifu, wakaomba waongezewe. Samaki wale walikuwa wa mafundi. Mafundi siku hiyo walikula maharage, tena saa nane, na Baba Rehema, mkubwa wao, alikula akaondoka bila kuniaga.

Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu walikuja na kamera. Mwenye kamera akataka nipigwe picha na sufuria langu la zamani, lile lililotoboka, ili watu waone nilikotoka. Nikasema nimeshampa jirani yangu Mwajuma, anafugia vifaranga. Neema akaenda kuliazima. Vifaranga wakamwagwa chini, nikashikishwa sufuria lina kinyesi cha kuku, nikaambiwa nionyeshe uso wa huzuni. Halafu wakauliza, kabla ya mradi mlikuwa mnakula nini? Nikasema ugali na dagaa. Wakauliza, na siku ambazo hamna kitu? Nikasema tunakula kwa Mwajuma. Nikawaona wamepoa, kumbe sicho walichofuata. Mwisho nikapewa sufuria jipya nitabasamu nalo, na picha hiyo ndiyo waliyoitia kwenye kalenda yao, ile uliyoitundika ukutani. Wewe unaiona natabasamu. Mimi nakumbuka nilikuwa nasikia harufu ya wali wangu unaungua.

Jioni ile Baba Rehema alikuja mwenyewe, miwani ya kuchomelea iko juu ya kichwa.

"Sista, sie tunapiga kazi tangu asubuhi," akasema. "Picha hatuli. Nakuheshimu sana, ila ikitokea tena, vijana wanahamia kwa yule mama wa kule barabarani. Mie siwezi kuwazuia."

Nikaingia ndani nikalia, Mama, kwa hasira kuliko huzuni. Mradi ulionipa wateja ndio ulikuwa unaninyang'anya, tena huku ukinipigia makofi.

Nikampigia Neema simu, nikamwomba wageni awe anawaleta saa tisa, kazi ikiwa imepungua.

"Saa tisa wanakuwa washarudi hotelini, Mama Salum," akasema. "Halafu wanataka wakukute kazini."

"Wakinikuta kazini ndiyo kazi haifanyiki."

Akacheka. Alidhani natania.

Wiki iliyopita wakaja mara ya tatu, bila hata kunipigia simu. Mwajuma, ambaye ndiye msaidizi wangu, alikuwa amempeleka mwanawe kliniki. Nazi hazijakunwa, vitunguu havijamenywa, mchicha bado una udongo. Gari likasimama. Akashuka Neema, akashuka mama mmoja mnene mwenye suti ya kitenge, kumbe ndiye mkurugenzi wao, akashuka na kijana mmoja wa Kizungu, mrefu. Dereva akaanza kutafuta pa kufunga turubai.

Hapo nikafanya kile unachowafanyia mawifi zako wakija kwa siku moja wakakaa mwezi. Nikawapa kazi.

Nikamsogezea mkurugenzi mbuzi ya nazi. "Karibu dada. Leo sina msaidizi, naomba unikunie hizi. Hadithi yangu utaisikia huku tunaendelea."

Neema akanivuta pembeni. "Mama Salum, yule ni mkurugenzi."

"Basi mtafutie khanga ajifunge, asije akachafua suti."

Yule mama alicheka, akajifunga khanga, akakaa upande upande akaanza kukuna. Hakukuna vizuri, vipande vya vifuu viliingia tele, ikabidi nichuje tui mara mbili. Mzungu alipewa vitunguu, akalia machozi mpaka dereva akamwonea huruma na kumsaidia. Neema nilimpa mchicha. Na siku hiyo, Mama, hakuna aliyeniuliza zamani nilikuwa nakula nini. Waliuliza chumvi inatiwa saa ngapi, na kisu kingine kiko wapi. Saa sita na nusu tukabeba chakula kwenda kwa mafundi, Mzungu yuko mbele na hotipoti ya maharage, macho mekundu.

Baba Rehema akazima mashine yake. "Mama Salum, leo umeajiri?"

"Vibarua tu," nikasema. "Wa leo leo."

Akala, akaongeza, na alipomaliza akaniaga.

Ungedhani yameisha. Jioni Neema akanipigia, furaha tupu. Mkurugenzi kasema hajawahi kuona ziara nzuri kama ile. Kuanzia mwezi ujao wageni wataletwa kila wiki kukuna nazi na kumenya vitunguu pamoja nami, na ziara yenyewe wameshaitafutia jina. Mama, nilikaa chini sakafuni. Vifuu vile kila wiki, mafundi si watavunjika meno?

Nikamwambia, "Neema mdogo wangu, nitoeni kwenye mfano. Nataka kuwa mama lishe wa kawaida mwenye wateja. Anayetaka kuniona aje ale, alipe, aende zake. Na mkitaka kusaidia mwanamke, Mwajuma hana jiko. Mpeni jiko, halafu mwacheni apike."

"Lakini uko kwenye kalenda mpaka Desemba."

"Basi wapelekeni wakaitazame kalenda."

Akasema atafikisha. Juzi akanirudia. Wamekubali kuniacha, ila jiko la pili walilokuwa wameniahidi litakwenda kwa mama mwingine wa mfano, yuko Kimara. La Mwajuma watalifikiria. Imeniuma, sikufichi, maana jiko lile nilishalipangia pa kukaa. Lakini tangu ziara ile nimepika siku zote kwa wakati, na mafundi hawajahama. Ninayemwonea huruma ni huyo mama wa Kimara.

Sasa umeelewa kwa nini ujumbe wako ulinikata maini? Nimetoka kuwafukuza wa mjini, na wewe unanikusanyia wa nyumbani. Waambie kina mama kwamba anayetaka kujifunza aje, mmoja mmoja. Tutaamka wote alfajiri twende Mabibo sokoni kuchagua nyanya na ndizi, tutapika wote, tutaosha vyombo wote, na ninachokijua nitamfundisha chote bila choyo. Ila kuja kukaa na kuangalia, hapana. Na kalenda ile iteremshe ukutani. Kama ukuta una ufa unaouficha, weka picha yangu ya harusi.

Wewe ndiye ninayetaka uje. Uje kwanza, peke yako, goti likipoa. Nauli nitampa kondakta yule yule, hiyo hawezi kuipaka. Ukifika sitajifunga kitenge kipya wala sitakusimulia chochote. Wageni wote wale, Mama, walikula kwangu wakashiba, wakaniuliza nilikula nini zamani, wakaandika. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama siku ile nilikuwa nimekula. Na sikuwa nimekula. Napakulia watu mpaka sufuria linakwisha, kisha nakunywa chai ya rangi nalala. Nataka mtu aingie jikoni kwangu, aniambie Somoe hebu kaa, aninyang'anye upawa, anipakulie.

Nisalimie Shangazi Mwanahawa, mwambie khanga yake ninayo, rangi ile ile aliyotaka. Mjomba Abdallah, anayenidaka kwenye spika kila nikipiga, msalimie na umwambie mradi haupokei wanaume. Babu Seif atanuna ukiteremsha kalenda, maana ndiyo anayoangalizia tarehe. Nitamletea nyingine ya duka la dawa za mifugo, ina picha ya ng'ombe, na ng'ombe yule hatasumbuliwa na mtu. Zuhura, Mungu akubariki kwa kusoma. Sasa fungua mlango.

Mwanao anayekusubiri na njaa,

Somoe