Nyumba Tuliyoichagua kwa Chumvi

Mama,

Salaam alaykum, na rehema za Mola zikushukie hapo ulipolala. Sisi huku wazima. Baba hajambo, goti lake tu ndilo linalomnung'unikia akiinuka kwenye sijda. Nasra kaota tena yale meno mawili ya mbele yaliyomng'oka na anayaonesha hata kwa wauza samaki. Hamadi katimiza miaka mitatu, mbio zile zile, kelele zile zile. Shoga yako Bi Time, ukuta kwa ukuta na sisi kama ulivyomwacha, anasema ntoto huyu kameza spika. Na yule jogoo uliyetukataza kumchinja yupo. Anawika dirishani kwa Baba kabla ya alfajiri, na kila akiwika Baba husema, "Sikiliza wasia wa mama yako."

Nakuandikia kwa sababu tumepata nyumba ya kupanga huko Ayalandi, Mama, na tumeichagua kwa chumvi. Cheka tu, na mimi nacheka.

Nianzie mwanzo, maana wewe ulikuwa hupendi kusimuliwa kitu kwa mbio. Baba Nasra aliipata ile kazi ya uuguzi uliyomwombea dua, na sasa ni miezi miwili tangu aondoke. Hospitali ilimpa chumba cha wafanyakazi, kitanda kimoja na dirisha, kwa wiki sita tu. Baada ya hapo atafute nyumba mwenyewe, na sisi tumfuate. Mama, huko nyumba inagombewa! Ikitangazwa moja, watu wanapanga foleni mpaka barabarani kuja kuiona, na dalali hakupi ila siku moja mbili za kujibu.

Sasa nikwambie nisilomwambia mtu. Moyoni nilikuwa siendi. Pasi zetu zilirudi na viza, nikazifungia kabatini chini ya kanga zako, nikakaa kimya. Hapa Mtambile Hamadi akianguka ananyanyuliwa kabla mimi sijajua kaanguka. Huko ningekuwa mimi, watoto wawili na kuta nne, mume yuko zamu, lugha ya kuokoteza. Na wewe hupo wa kumpigia simu. Hilo ndilo hasa, Mama. Wewe hupo.

Unaikumbuka Konde? Baba kahamishiwa skuli ya huko, mimi nina miaka minne, na wewe nyumba ukaipenda kwa sakafu. Ulikuwa ukikisimulia kisa hiki mwenyewe huku unajicheka: sakafu ya saruji nyekundu, imesuguliwa mpaka unajiona uso. Ilikuwa peke yake nyuma ya maduka, ukuta mrefu pande zote, ukaona huo ndio ustaarabu. Asubuhi moja degedege likanishika, Baba yuko darasani. Ulipiga mayowe hata sauti ikakukauka, na hakuna aliyesikia. Ukanibeba ukatoka mbio bila viatu mpaka njia kuu, gari ya kwanza iliyopita ikatupakia. Tangu siku ile, kila Baba alipohamishwa, nyumba huingii kuitazama mpaka kwanza ubishe hodi kwa jirani uombe chumvi. Makoongwe uliomba chumvi ukapewa chumvi na samaki wawili, changu. Hapa uliomba kwa Bi Time, naye akakuuliza, "Chumvi tu? Na nazi unayo?" Ukamwambia Baba ashushe mizigo.

"Sakafu haimwinui ntoto aliyeanguka," ulikuwa ukisema. Nimelisikia neno hilo mpaka nikalichoka, na sasa ningetoa chochote kulisikia tena kinywani mwako.

Basi Jumamosi moja saa nne baba Nasra akapiga simu ya video. Sote barazani: mimi, Baba na miwani yake, Bi Time na sinia la mchele anachagua. Nyumba ya kwanza iko ghorofa ya nne, jirani kabisa na hospitali. Mashallah, nyumba! Vioo juu mpaka chini, zulia, jiko linang'aa kama halijapikiwa, na lifti inayosema. Baba akasema, "Hii ni hoteli." Bi Time aliuliza mawili tu. Nguo wataanika wapi? Baba Nasra akasema ipo mashine ya kukaushia. Na ntoto akitaka kutoka nje atatokea wapi? Baba Nasra akageuza simu akatuonesha lifti. Bi Time akarudi kwenye mchele wake.

Hapo likanitoka bila kulipanga: "Baba Nasra, kaombe chumvi."

Akadhani simu inakwaruza. Alipofahamu, akaja juu: "Mimi muuguzi mzima, na beji kifuani, nikabishe milango ya watu naomba chumvi? Wataniitia polisi!" Lakini unamjua, anakataa kwa mdomo huku miguu inakwenda. Mlango wa kwanza haukufunguliwa. Wa pili ulifunguliwa kidogo, na mnyororo wake, ukafungwa kwa adabu. Wa tatu kijana mpole akamwelekeza duka lililo chini. Si watu wabaya, kila mtu na uchovu wake. Lakini chumvi hatukupata.

Nyumba ya pili aliiona Jumatatu, mvua inanyesha. Ya zamani, imebanana na wenzake mstari mzima, dakika ishirini kwa basi. Ngazi zinalia, ukuta wa chumbani una ukungu pembeni, na uani ni nafasi ya majamvi mawili. Baba Nasra kanuna tangu mlangoni. Safari hii aliyemkumbusha chumvi ni Bi Time, kwa sauti ya kuitia ng'ombe.

Jirani alifungua hodi haijaisha. Bi mkubwa wa umri wa Baba, mvi tupu, jina lake Bi Nora. Neno lake la kwanza lilikuwa aingie ndani, analoa. Simu ikatiwa mfukoni, robo saa nzima tukawa twasikia sauti tu. Alimuuliza katoka wapi, ana watoto wangapi, wanaitwa nani, na yule mdogo bado analala mchana? Baba Nasra akatoka na kikombe chenye maua kimejaa chumvi, na sura ya mtu aliyekwenda kukagua akakaguliwa yeye. Bi Time akapiga kigelegele mpaka jogoo wako akakimbia.

Ugomvi ukaanza hapo, maana mwenzangu anataka ile ya vioo. Zote mbili zingali wazi, na madalali wote wawili wanataka jibu saa kumi. Yeye ananihesabia ukungu, basi na ngazi. Mimi nikamsimulia Konde. Hajapata kukisikia kisa chote. Nilipofika pale pa kukimbia bila viatu akaacha kuhesabu. Kisha akasema, "Haya, ukungu nitausugua mwenyewe."

Siku aliyohamia akataka kurudisha kikombe. Kikombe cha mtu hakirudi kitupu, hilo hata yeye analijua. Kutazama kabatini, hana ila majani ya chai na kifuko cha karafuu. Zile, Mama. Za mwisho ulizozianika wewe mwenyewe uani, unazipindua huku unavuta uradi kwa tasbihi. Nilimgawia nusu kwa shida alipokuwa anaondoka, za kutia chai, si za kuuza kwa magendo. Yeye kachota kikombe tele!

Sikufichi, nilimkasirikia. "Karafuu za mama yangu unampa mtu usiyemjua?" Nikamkatia simu. Nikaenda uani nikafungua kopo lako la karafuu, nikanusa zilizobaki, nikalia kilio ambacho sikukilia hata siku ya maziko. Baba akaja akakaa kando yangu na goti lake. Akasema, "Mama yako angetoa na kopo lake." Nikacheka na kamasi zangu. Kweli, ungetoa.

Siku ya tatu Bi Nora akaleta mkate mtamu wa matufaha, na ndani katia karafuu. Ati ndivyo wanavyoupika huko tangu kwa bibi zao. Bi Time, aliyeapa miaka yote kwamba Wazungu hawajui viungo, sasa anatubu barazani mbele ya kila apitaye.

Lakini kuleta si kuomba. Uliniambia mwenyewe: ukipewa chumvi umekaribishwa tu, siku utakapoombwa ndipo umehamia. Anayekupa kila siku asikuombe anakuhesabu mgeni, au anakuhurumia. Wewe hapa ulingoja siku kumi mpaka Bi Time akaja kuomba kiberiti, ukampa viwili. Basi na mimi kila jioni namuuliza baba Nasra, "Kakuomba?" Hajaomba. Kaleta gazeti, kaleta koti la mtoto, hajaomba. Na pasi zimo chini ya kanga. Juzi baba Nasra kaniuliza kwa upole, "Hamadi bado anaijua sauti yangu?" Aibu ilinishika, Mama.

Jana baada ya adhuhuri simu ikalia. Hata salamu baba Nasra hakutoa. "Kaja! Kabisha hodi, kashika kikombe kile kile!" Wajukuu zake Bi Nora wanakuja Jumapili, anataka kupika ule mkate, karafuu alizopewa kawagawia rafiki zake mpaka zikamwishia, na za dukani amesema hazina harufu. Kaja kuomba karafuu zako, Mama. Baba Nasra kakung'uta kifuko zikatoka saba, akampa zote saba, akamwambia, "Usihuzunike, mke wangu analeta nyingine." Halafu akaniuliza, "Nimesema uongo?"

Nilikwenda kabatini nikainua kanga zako nikatoa pasi. Nikamwambia, "Hujasema uongo." Hamadi akainyakua simu akapiga kelele "Baba!" mpaka Bi Time akaja kutazama nani kaumia.

Sasa nakuandikia wao wako barazani, Bi Time na Nasra, wanachambua karafuu za mkarafuu wako wa nyuma. Umezaa sana mwaka huu. Jua likishika, zitakauka kabla ya safari. Nasra anajua zinakwenda wapi, na keshaniuliza kama Bi Nora ana jogoo.

Nakuahidi, Mama. Nitaomba chumvi hata siku ninayo. Kikombe cha mtu hakitatoka mikononi mwetu kitupu, na watoto hawa watajua ni nani aliyetufundisha. Baba nimemwachia barua hii akusomee, maana miwani hukuipenda maisha yako yote. Jogoo tunamwacha naye.

Lala salama, Mama yangu. Karafuu zako zilishafika na zina jirani. Sisi twafuata Alhamisi.

Mwanao,
Zuwena