Mwalimu Anamukataza Deo Kukimbia Mbio

Papa Deo, bwana wangu,

Jambo yako, na jambo ya wote wa nyumba huko Kamituga. Kile kikohozi imekuachilia? Funika kifua ukitoka mu shimo ya dhahabu. Sisi huku Cimpunda tuko wazima, ila moyo yangu ndiyo haikai.

Ulituma neno: Deo asiposhinda ile mbio ndefu ya Jumapili, siku ya Mungu inayokuja, arudi kuchimba pamoja na wewe. Basi sikia. Alberi, mwalimu wao wa mbio pa misioni, anamukataza mutoto kukimbia! Kila asubuhi anamupandisha kilima polepole, huku mutoto anasali rozari kwa sauti. Sala ikikatika, eti apunguze tena. Mbio gani hiyo? Na Pascal, mutoto wa ndugu yake mwenyewe, anaruka kama swala, hakuna wa kumuzuiza. Nikasema: ee, huyu anaharibu wetu ili wake ashinde.

Juzi nilijitwika kitunga yangu ya ndizi, nikajificha mu migomba kule juu. Pascal akapita wa kwanza, mbio kabisa. Nyuma sana nikasikia "Salamu Maria" inakuja. Pale kilima inakuwa kali, Pascal akainama, anashika mbavu. Deo akamupita na sala yake, hata neno moja haikuanguka.

Kumbe Alberi alikuwa nyuma yangu.

"Maman Deo, unachunga migomba ya watu?"

"Nachunga mutoto yangu. Sababu gani unamupunguza?"

"Miguu yake si ya haraka, maman. Lakini yeye iko na pumzi. Pumzi inafundishwa polepole. Pascal iko na miguu, namuambia aingie mbio fupi, lakini baba yake anataka zawadi ya ile ndefu."

"Na wewe, unataka nani ashinde?"

Akacheka tu, akaomba ndizi. Nilimupa moja, ile ndogo.

Papa Deo, mutu wa kucheka pahali pa kujibu, mimi simuamini. Siku ya Mungu nitasimama pale mbio inaishia, niangalie mikono yake inapigia nani makofi. Lakini masikio yangu haikunidanganya kule kilimani. Usitume mutu wa kumuchukua.

Salimia mama mukwe, na dada yangu Helena anayetuchungia kuku wetu huko.

Shimo yako ingojee kwanza. Sala ya mutoto haijakatika.

Ni mimi bibi yako,
Mama Deo